Pampu inaunguruma, maji hayapandi: kisa cha bustani ya nyanya kando ya Ruaha Mdogo

Shamba lenyewe ni ekari mbili za nyanya kwenye mteremko unaotazama Mto Ruaha Mdogo, nje kidogo ya mji wa Iringa, kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwenye shamba ni mama mmoja anayelima pamoja na kijana wake. Pampu yao ni ya kawaida kabisa, ya inchi mbili, yenye injini ndogo ya petroli. Inakaa juu ya ukingo chini ya mti, inanyonya mtoni na kusukuma maji shambani kwa mpira bapa wa mita 60. Mwezi wa Mei ilikuwa inatapika maji. Agosti ikaanza kukatakata. Oktoba ilipoingia, nyanya zikiwa zimejaa maua, ikagoma: injini inaunguruma, mwisho wa mpira unatoa mapovu na kikombe kimoja cha maji, kisha hewa tupu.

Nilipoitwa, mengi yalikuwa yameshafanyika. Plagi ilikuwa mpya. Kabureta ilikuwa imefunguliwa na kusafishwa, ringi za pistoni zimebadilishwa, na sili ya pampu imewekwa nyingine baada ya ile ya kwanza kuungua. Jirani alikuwa ameazima pampu yake ya inchi tatu, nayo ikafungwa palepale, ikaunguruma kwa nguvu zaidi na haikutoa kitu. Hatua iliyokuwa inafuata ni kuuza nguruwe wawili ili kununua injini kubwa.

“Fundi, mashine imechoka,” mama aliniambia. “Imenilimia misimu mitatu, siidai.”

Nilimwomba asiuze nguruwe kwanza. Pampu ya jirani ndiyo iliyonifanya niseme hivyo. Mashine mbili tofauti, moja kubwa na moja ndogo, zikishindwa mahali pamoja kwa namna moja, tafuta kosa kwenye kile zinachotumia kwa pamoja. Hapa zilitumia kwa pamoja vitu viwili tu: mpira wa kunyonyea, na kimo cha ukingo.

Kinachonyanyua maji

Watu wengi, na mafundi wengi wa pikipiki wanaogeuka mafundi wa pampu wakati wa kiangazi, wanaamini pampu huyavuta maji kama mtu anavyovuta ndoo kisimani. Sivyo. Pangaboi la ndani likizunguka linatupa nje maji yaliyomo, na nyuma yake panabaki upungufu wa hewa. Hapo hewa iliyolala juu ya mto ndiyo inayoyasukuma maji yapande kwenye mpira. Pampu inafungua nafasi tu. Kazi ya kupandisha maji hadi kwenye pampu inafanywa na uzito wa hewa ya nje, na uzito huo una kikomo. Wachimba visima wa Italia walikuwa wanajua tangu zamani kwamba hakuna pampu ya kunyonya iliyovuka mita kumi na kidogo, na Torricelli, mwanasayansi wa hukohuko, akaeleza sababu yake miaka ya 1640.

Usawa wa bahari, hewa inaweza kusimamisha maji hadi mita 10.3. Ukipanda milimani hewa inapungua uzito. Kwenye mita 1,500 kama hapa, kikomo kinashuka hadi mita 8.6 hivi, na hiyo ni ya kwenye karatasi, maji yakiwa yamesimama. Maji yakianza kutembea, yanasuguana na kuta za mpira, yanabanwa kwenye chujio na kwenye valvu ya chini (ile ya mwisho wa mpira, inayozuia maji yasirudi mtoni), na pampu yenyewe inahitaji msukumo fulani ubaki ndipo ifanye kazi. Yote hayo yanakatwa kwenye ile 8.6. Kwa nyanda za juu, mimi huwaambia wakulima wahesabu mita tano na nusu, sita ikizidi sana. Kibandiko cha pampu hii kiliandikwa kunyonya mita 8, kusukuma mita 30, lita 600 kwa dakika. Hizo namba hazisemi uongo, ila zimepimwa usawa wa bahari kwa mashine mpya. Tena hazikutani: mita 30 ni pale maji yanapokuwa yamesimama kabisa, na lita 600 ni pale pasipo na mlima wowote. Mkulima anazisoma kana kwamba atazipata zote siku moja.

Injini nayo inadhoofika ukipanda, asilimia 15 hivi kwa kimo hiki, kwa sababu inavuta hewa nyepesi. Lakini hilo linagusa kusukuma. Kwenye kunyonya, hata ungefunga injini ya trekta, hewa ya Iringa ni ileile. Ndiyo maana pampu ya jirani haikusaidia. Kwa kweli ilizidisha shida, maana ilitaka maji mengi zaidi kupitia mpira uleule mwembamba.

Kupima kwa mpira wa mafundi ujenzi

Kifaa kilichotatua kisa hiki ni ule mpira mwembamba wa kuonyesha ndani ambao waashi hutumia kupimia levo ya msingi. Unaujaza maji, unahakikisha hauna kiputo, mtu mmoja anashika ncha moja kwenye mdomo wa pampu, mwingine anashuka na fito iliyowekwa alama za futi au mita. Ukingo una vichaka na hauwezi kushusha kamba iliyonyooka, kwa hiyo unashuka kwa vipande, levo kwa levo, na kujumlisha.

Jibu lilikuja mita 6.2 kutoka uso wa maji hadi mdomo wa pampu. Kijana akatuonyesha alama ya tope kwenye jiwe, mahali maji yalipofika mwishoni mwa masika. Tukapima hapo pia: mita 4. Mto ulikuwa umeshuka zaidi ya mita mbili, na pampu ilikuwa imebaki palepale chini ya mti kwa sababu pana kivuli na njia ya baiskeli inafika.

Hebu fanya hesabu. Toa 6.2 kwenye 8.6, zinabaki mita 2.4. Maji yenyewe yanataka kugeuka mvuke msukumo ukipungua mno, toa mita 0.3. Zimebaki 2.1 za kulipia msuguano wa mpira, chujio, valvu na mahitaji ya pampu yenyewe. Hazitoshi kwa mwendo wa kawaida. Maji yanafika kwenye pangaboi yakiwa yamekosa msukumo kiasi kwamba yanatoa viputo vya mvuke ingawa ni ya baridi, viputo vinapasuka humo ndani, na unasikia mlio kama wa kokoto zikitikiswa kwenye debe. Mlio huo ulikuwepo. Fundi aliyetangulia alidhani ni beringi.

Jambo moja nililojaribu papo hapo liliwashangaza wote. Nilipunguza mafuta. Kijana alikuwa anaivuta injini hadi mwisho, na kila ilipokatika anaivuta zaidi. Tukaijaza pampu maji upya, tukawasha, tukaipandisha taratibu hadi nusu tu, na mwisho wa mpira wa kusukuma tukaukunja kidogo ili usitoe kwa uhuru wote. Maji yakaja, membamba lakini hayakatiki. Sababu ni kwamba ukipunguza mwendo wa maji nusu, msuguano ndani ya mpira haupungui nusu, unashuka hadi karibu robo, na mahitaji ya pampu yenyewe nayo yanapungua. Pipa la lita 200 lilijaa kwa sekunde 130 hivi. Ni lita moja na nusu kwa sekunde. Ekari moja ya nyanya zenye maua, jua la Oktoba, inataka karibu lita 20,000 kwa siku, kwa hiyo ingechukua karibu saa nne kwa ekari. Si suluhisho, lakini nyanya hazikufa tukiwa tunatafuta suluhisho.

Mpira uliokuwa unakunywa hewa

Kimo peke yake hakikueleza kila kitu. Mita 6.2 ni nyingi, lakini pampu haikupaswa kukauka kabisa. Palikuwa na hewa inayoingia mahali.

Kwanza tuliitenga pampu. Tulifungua mpira wa kunyonyea, tukajaza maji kwenye pampu, tukawasha, tukaziba mdomo wake kwa kipande kinene cha mpira wa tairi. Kiling'ang'ania hadi tukazima injini. Pampu nzima, sili nzima. Jaribio hili ni la muda mfupi sana, maana sili inapozwa na maji yanayopita, na ikizunguka kavu inaungua. Ndivyo ile ya kwanza ilivyokufa: kijana aliiacha inaunguruma akitumaini maji yatakuja yenyewe.

Basi tukaugeukia mpira. Mto uliposhuka, mpira wa zamani haukufika tena majini, wakauongezea kipande. Kiungo kilikuwa bomba fupi la plastiki lililochomekwa pande zote mbili na kuzungushiwa kamba za tyubu ya baiskeli, zimekazwa sawasawa na kufungwa vizuri. Ukikijaza maji hakivuji hata tone, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kiungo cha kunyonyea hakibanwi kutoka ndani, kinanyonywa. Kamba ya tyubu inazuia maji yasitoke lakini inaacha hewa iingie, kwa kuwa hewa hupenya mahali ambapo maji hayapiti. Kukikamata ni rahisi: pampu ikiwa inafanya kazi kwa ile nusu mwendo, mwagia maji kila kiungo kimoja kimoja, polepole. Tulipomwagia kile cha katikati, mapovu upande wa shamba yalikoma. Tulipoacha kumwaga, yakarudi.

Kulikuwa na mengine madogo. Gasketi ya mpira kwenye mdomo wa pampu ilikuwa imekakamaa na kupasuka. Mpira wenyewe ulikuwa umepitishwa juu ya mzizi wa mti ulio juu kuliko mdomo wa pampu, halafu ukashuka tena. Kila kilima namna hiyo kinakusanya hewa isiyoondoka. Na chujio lilikuwa kwenye maji yenye kina cha shubiri moja na nusu, juu yake kisulisuli kidogo kikizunguka. Mtoto wa jirani ndiye aliyekiona. Kisulisuli hicho ni mrija wa hewa unaokwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Kilichotengenezwa

Suala kubwa lilikuwa kuishusha pampu. Mita za kunyonya ni chache na hazinunuliki, mita za kusukuma zipo tele. Ukiishusha pampu mita nne, unahamisha mita nne kutoka mfuko mtupu kwenda mfuko uliojaa. Shamba liko mita saba juu ya ule mti, kwa hiyo hata ikikaa karibu na maji ina takriban mita 13 za kupandisha pamoja na msuguano wa mpira, ndani ya uwezo wake.

Swali ni kuishusha vipi. Wazo la kwanza la kijana lilikuwa kuchimba ngazi kwenye ukingo na kujenga jukwaa la zege. Wengi wanafanya hivyo, na ukitembea kando ya mto huu utayaona. Nililikataa kwa sababu mbili. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kukata ukingo ni kuharibu hasa. Ya pili haihitaji sheria: ukingo wa udongo uliokatwa Oktoba unakwenda na maji ya Februari, na jukwaa linaondoka nao. Nikiwa hapo nilimuuliza mama kuhusu kibali cha kutumia maji, ambacho Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inakitaka na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, iliyo palepale Iringa mjini, ndiyo inayokitoa. Hakuwa nacho. Si jambo la kupuuza. Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, ambao sehemu yake ya juu zaidi, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, imekuwa ikikauka kiangazi tangu 1993. Kila mwenye pampu mtoni anagawana na walio chini yake, hata asipowaona.

Tulifikiria pia chelezo cha madumu. Madumu sita ya lita 20 yanabeba kilo 120, na pampu kama hii haifiki hata nusu yake. Mahali penye bwawa tulivu ningelichagua. Hapa mto ni mwembamba na una mkondo, injini inatikisika, na petroli ikimwagika imemwagika majini. Tukaliacha.

Kilichofanyika ni machela. Miti miwili ya mlingoti (mkaratusi), vipande vya ubao katikati, pampu imefungwa kwa bolti na chini ya bolti mikanda ya tairi la gari ili kupunguza mtikisiko. Chini ya injini kuna karai kuukuu la kukingia oili na petroli. Watu wawili wanaishusha asubuhi hadi kwenye mwamba bapa uliopo karibu na maji, mita 2.1 tu juu ya uso wake, na jioni wanaipandisha. Pampu ilikuwa inarudi nyumbani kila jioni hata zamani, kwa hofu ya wezi, kwa hiyo kazi haikuongezeka sana. Mafuta yanajazwa juu ya ukingo, injini ikiwa imepoa.

Kwa kuwa pampu imesogea, mpira wa kunyonyea wa mita 12 haukuhitajika tena. Tulikata kipande kizima cha mita sita kisicho na kiungo hata kimoja, tukakilaza kikipanda moja kwa moja kutoka majini bila kilima. Kwenye mdomo tuliweka gasketi tuliyokata kwenye flepu ya tairi la lori (ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu), tukaipaka grisi kidogo. Klempu mbili badala ya moja, na vichwa vya skrubu zake vielekee pande tofauti ili zikaze mzunguko wote sawasawa.

Valvu ya chini ilifunguliwa. Ulimi wake wa mpira ulikuwa umeliwa upande mmoja na mchanga, kwa hiyo kila pampu ikizimwa maji yote yalirudi mtoni na kijana akaanza upya kujaza kwa jagi. Ulimi mpya tuliukata kwenye flepu ileile, kwa kufuata wa zamani kama kielelezo, na kuusugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi ukawa bapa. Kisha tukausimamisha mpira wima ukiwa umejaa maji, tukala chakula cha mchana, na tuliporudi maji yalikuwa yameshuka kidogo mno kuweza kupima.

Chujio liliwekwa ndani ya ndoo ya plastiki iliyotobolewa matundu mengi kwa msumari wa moto, ndoo ikafungwa kwenye mti uliochomekwa kwenye kidimbwi chenye kina cha futi tatu, pembeni mwa mkondo. Haigusi chini, isije ikanyonya mchanga. Juu yake kinaelea kipande cha ubao kilichofungwa kwa kamba. Ubao huo unavunja kisulisuli kabla hakijaumbika, na ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote nilivyotaja.

Pipa la lita 200, mwisho wa mpira shambani, injini ikiwa robo tatu tu: sekunde 55. Ni ekari moja kwa saa moja na nusu. Mlio wa kokoto uliisha. Nguruwe walibaki zizini.

Kuna jambo ambalo halijakaa sawa. Mpira tuliobakiza ni wa zamani, ule wenye waya ndani, na kuta zake zimeanza kulainika kwa jua. Ukinyonywa kwa nguvu unajibana katikati. Kwa mita 2.1 hautabanwa, lakini mto ukishuka zaidi Novemba kabla ya mvua, utabidi ubadilishwe. Mama anajua.

Kisima cha jirani

Yule jirani wa pampu ya inchi tatu alikuwapo tulipokuwa tunapima pipa, na akataka tumfanyie vilevile. Yeye ana kisima kilichochimbwa kwa jembe, maji yako mita 11 chini wakati wa kiangazi, na alikuwa ameshatengeneza kikalio cha miti katikati ya kisima cha kukalishia injini.

Hilo nililikataa kwa ukali kuliko nilivyozoea kusema na mtu mzima. Moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Mtoni upepo unaipeperusha. Kisimani inajikusanya, na anayeshuka kuangalia kwa nini injini imezima anaanguka kabla hajapiga kelele, kisha anayeshuka kumwokoa anamfuata. Watu wamekufa hivyo. Hata bomba la moshi likirefushwa hadi juu, kiungo kimoja kikilegea inatosha. Tulikibomoa kile kikalio siku hiyohiyo, kamba na miti, na yeye mwenyewe alishika panga.

Kwa mita 11 hakuna pampu ya kunyonya kutoka juu itakayofaa, Iringa wala Tanga. Kinachofaa ni kitu kinachonyanyua maji kutoka chini. Pampu ya umeme wa jua inayozamishwa ni nzuri kama mfuko unaruhusu. Wake haukuruhusu mwaka huu. Bustani yake ni ndogo, matuta ya mboga tu, kwa hiyo tukakubaliana juu ya pampu ya kamba: gurudumu lililokatwa kwenye tairi, kamba yenye vizibo vya mpira, na bomba la plastiki linaloshuka hadi majini. Mafundi wa upande wa Njombe wamezitengeneza kwa miaka mingi. Kwa kina kama hicho mtu mmoja anatoa lita 40 hivi kwa dakika bila petroli, na kizibo kikichakaa unakata kingine kwenye tairi kuukuu. Ameanza kutafuta ringi ya baiskeli ya kutumia kama kipimo cha kukatia gurudumu, na ile pampu ya inchi tatu anataka kumkodishia mtu mwenye shamba la mtoni.